Kwenda Masaka na Mkombozi

Kila aliyekaa kwenye kiti changu cha saluni tangu nirudi ameniuliza swali lile lile: "Tekla, ukweni kwa Deo kulikuwaje?" Nikianza tu kusimulia, mkono unasahau kazi. Juzi nusura nimchome Mama Happy sikio kwa pasi ya nywele. Nimeona niandike mara moja, msome mkiwa kwenye foleni, nami nisuke kwa amani. Habari za pasipoti na tiketi nimeziruka, hazina utamu. Naanzia pale Baba mkubwa Anselmi aliposhuka kwenye bajaji mbele ya nyumba yangu akiwa amevaa nishani.

Kipawa mpaka stendi ya Mbezi

Kwa wasiomjua, Baba mkubwa ni kaka yake marehemu baba yetu. Mtu wa Masasi, anaishi Mbagala, ni mwanajeshi mstaafu. Ujanani alipigana vita vya Kagera, jeshi la dikteta wa Uganda lilipovuka mpaka na kuteka ardhi yetu, nasi tukalitoa, tukaunganisha mpaka Kampala. Katika ukoo wetu vita hivyo ni kama Krismasi, vinasimuliwa kila mwaka na havichoshi. Deo, kitinda mimba wetu, anaendesha malori ya mizigo kutoka bandarini hadi Uganda, na huko Masaka akapata mchumba, Sanyu, muuzaji wa duka la dawa. Kwa kuwa baba hayupo, wa kusimama kama baba ni Baba mkubwa. Ndege hapandi. "Mungu angetaka niruke," huwa anasema, "nisingezaliwa Masasi."

"Shikamoo, Baba mkubwa. Hiyo nishani unakwenda nayo wapi?"

"Marahaba. Ukweni."

"Kwenye utambulisho wa binti?"

"Watu wale tuliwakomboa, Tekla. Ni vizuri wajue binti yao anaingia katika ukoo gani."

Nilitaka kujibu, lakini ilipita ndege. Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar, sie tunazungumzaga kwa vipande, ndege ikipita mnanyamaza wote mnatazamana, ikiisha mnaendelea. Ilipoisha yeye alikuwa ameshakaa ndani ya bajaji, begi mapajani, mgongo umenyooka.

Dereva alikuwa amefungulia taarifa ya habari. Ikasomwa habari ya nchi fulani iliyoingiza wanajeshi kwa jirani yake, eti kulinda usalama wake. Baba mkubwa alipandwa na hasira palepale.

"Mtu mzima na akili zake anaingia uani kwa mwenzake na bunduki! Halafu anasema anajilinda! Washenzi hawa."

"Kweli mzee," dereva akasema. "Sie hatunaga hizo."

"Hatuna," akasema Baba mkubwa. "Sie tukiingia, kunakuwa na sababu."

Dereva akatikisa kichwa kukubali. Nami, niseme kweli, nilitikisa.

Mbezi mpaka Singida

Kwenye basi kiti chetu kilikuwa cha watu watatu. Mie katikati, Baba mkubwa dirishani, na upande wa njiani mama mmoja mnene mcheshi aliyekuwa akirudi kwao Masaka na marobota ya nguo za watoto kutoka Kariakoo. Alijitambulisha kuwa ni Nalongo, yaani mama wa mapacha kwa Kiganda. Hilo ndilo jina analotaka kuitwa, la kwanza ameshalisahau. Kabla hatujafika Chalinze alikuwa ameshanipa karanga, tangawizi na maelezo yote ya uzazi wake.

Baba mkubwa alimwangalia kwa upole wa pekee, kama daktari anayemwona mgonjwa aliyempasua zamani akitembea mwenyewe.

"Mnaendeleaje huko?" akamuuliza.

"Sisi? Sisi tuko tu mzuri."

"Vizuri. Tulipigana kweli kweli mpate hiyo amani."

Nalongo akaiona nishani. Akatafuna karanga taratibu. "Asante," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepokea zawadi ambayo hajaamua aiweke wapi.

Tulipopita Manyoni mkanda wa feni ukakatika, basi likazima katikati ya vichaka. Fundi akaingia chini. Abiria tukashuka, tukakaa kwenye kivuli cha basi lenyewe, tukanunua mahindi ya kuchemsha kwa akina mama walioibuka kwenye vichaka kana kwamba walijua mkanda ungekatikia pale. Mtu akafungulia redio ya simu, na ile habari ya asubuhi ikarudi. Abiria wote wakaanza kulaani. Nalongo naye akalaani sana.

"Lakini mama," Baba mkubwa akamwambia, "hata nyie mna wanajeshi wenu Kongo."

"Ah-ah, mzee! Hao walienda kusaidia. Kuna waasi kule wanaua watu. Sisi hatuvamiangi mutu."

"Yule wa kwenye redio naye anasema kuna waasi."

"Yule ni mwongo. Sisi ni kweli."

Nilicheka, Baba mkubwa akacheka, na Nalongo alipoona tunacheka akaja juu: "Na nyinyi Tanzania? Si mmepeleka huko huko?"

"Sie tulikwenda kulinda amani!" Baba mkubwa akasema, na hindi likamponyoka.

Nyuma yetu alikuwepo kijana wa Kikongo, fundi wa kurekebisha vinanda, amevaa suruali nyekundu iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali. Alikuwa hajasema kitu tangu Mbezi. Akapangusa midomo kwa leso.

"Samahani, wazee wangu. Kila mutu anakuja kutuokoa. Huyu anatuokoa na yule, yule anatuokoa na huyu." Akatuangalia mmoja mmoja, bila hasira hata kidogo. "Tumechoka kuokolewa."

Watu waliangua kicheko hadi fundi akatoa kichwa chini ya basi kuuliza kuna nini. Baba mkubwa alicheka pia, lakini niliona amemeza kitu pamoja na lile hindi. Singida tulifika jua limeshashuka, tukala kuku wa kienyeji wa kukaanga, mgumu, mtamu, na yule Mkongo akamlipia Baba mkubwa soda. Kesho yake, kwenye njia panda ya Nyakanazi, alishuka kufuata gari la Kigoma. Akatupungia mkono na kumwambia Baba mkubwa: "Karibu kwetu, papa. Lakini kuja na sanduku ya nguo tu."

Nyakanazi mpaka Kyaka

Bukoba nilipapenda. Ziwa limelala pale chini, migomba imefuata barabara hadi mlangoni mwa watu, na sokoni nilinunua senene waliokaangwa. Baba mkubwa alikataa kuwagusa. Sie wa kusini tunakula panya wa porini, lakini panzi eti ni aibu. Nalongo aliwamaliza kwa niaba yake.

Gari dogo la kwenda mpakani lilisimama Kyaka kupakia mizigo, na Baba mkubwa akaomba dereva amsubiri kidogo. Kuna gofu la kanisa pale juu lililovunjwa wakati wa vita na kuachwa hivyo hivyo, kuta zimebaki, paa hakuna. Tukapanda wote watatu. Alisimama mbele ya ule ukuta akavua kofia.

Mnamjua Baba mkubwa kwa makelele. Pale aliongea kwa sauti ndogo. Alisema walipovuka mto Kagera hawakukuta mtu. Walikuta sufuria mekoni, chakula kimegeuka mkaa. Walikuta baiskeli ya mtoto. Rafiki yake mmoja, mtu wa Newala, alikaa chini akaikumbatia ile baiskeli kama anabeba mtoto mwenyewe, akakataa kuiacha mpaka alipoamriwa.

"Hawakuwa na haki," alisema. "Kuvuka wakaja kufanya hivi kwa watu waliolala kwao. Hakuna sababu. Hata wangeniletea sababu mia."

Nalongo alikuwa amevua kilemba. "Pole sana, mzee," akasema. Tulipokuwa tunashuka mlima alikuja kunishika mkono, akaninong'oneza: "Hata kwetu Masaka nyumba zilikuwa hivi. Mtaa mzima. Ila sisi hatukuziacha. Tulijenga juu yake."

Sikujua hilo, na katika hadithi zote za Krismasi sijawahi kulisikia.

Mutukula

Mpakani maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, kwa hiyo unatoka na kuingia kwenye foleni moja. Tulifika dirisha la Uganda. Ofisa alikuwa binti, pengine umri wa wanangu, kucha zimepakwa rangi ya zambarau, Kiswahili chake safi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba!" Baba mkubwa alifurahi hadi akatugeukia, kwamba mmeona adabu tuliyoiacha.

"Umewahi kuingia Uganda kabla ya leo?"

Mtu mwingine angesema hapana, akapita. Huyu ni askari.

"Ndiyo."

"Kwa mpaka gani?"

"Huu huu."

Binti akafungua kurasa za pasipoti, mpya kabisa, nyeupe. "Sioni muhuri. Uliingia na hati gani?"

"Hapakuwa na hati."

"Ulikuja na usafiri gani?"

"Kwa miguu. Mbele yetu kulikuwa na kifaru."

Nilitamani ardhi inimeze. Binti akaangalia nishani, akamwangalia mzee, akaiweka kalamu chini.

"Na nani alikuwa mwenyeji wako, mzee?"

"Hakuwepo. Walikuwa wamekimbia."

Aliyeanza kucheka ni ofisa wetu wa Tanzania pale dirisha la pembeni, akafuata yule binti, akafuata mwenye lori nyuma yetu. Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa anasikiliza jibu lake mwenyewe. Binti alipiga muhuri kwa nguvu, akamrudishia pasipoti kwa mikono miwili.

"Safari hii unao wenyeji?"

"Ninao. Nakwenda kuchumbia."

"Basi karibu rasmi, mzee."

Nje alisimama kwa muda akiutazama ule muhuri, kisha akauliza kwa mshangao: "Tekla, kumbe ni kitu kidogo hivi?"

Mutukula mpaka Masaka

Deo alitupokea Mutukula kwa gari la kuazima, Nalongo na marobota yake ndani. Njiani tulisimama kula chapati iliyoviringishwa na mayai na nyanya, wao wanaiita roleksi, na hapo ndipo Baba mkubwa alipokasirika na taifa zima. Akisema asante, muuzaji anamjibu: "Kale." Akiomba maji: "Kale, ssebo." Akiomba apishwe: "Kale, kale."

"Deo, hivi mie nimezeeka kiasi gani? Kila nikifungua mdomo hawa watoto wananiambia mie wa kale!"

Deo alilazimika kuegesha gari ili acheke vizuri. Kale kwa Kiganda ni sawa, ndiyo, haya; ssebo ni bwana. Tangu hapo Baba mkubwa akalipenda lile neno, akawa analijibu hata akisemeshwa na mbuzi.

Nyumbani kwa akina Sanyu ni nje kidogo ya mji, nyumba ya matofali katikati ya migomba na kahawa. Sanyu alilelewa na bibi yake, Jjajja, kwa kuwa wazazi walitangulia. Deo alituonya njiani kwamba wajomba wataongea sana, lakini kauli ni ya Jjajja. Asipotokea kwenye sherehe, hakuna sherehe.

Tukaingia uani. Bibi mmoja mwembamba alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni anachambua kahawa. Kuku wengi walikuwa wanazunguka. Baba mkubwa akashuka, akanyoosha koti, akatoa Kiswahili chake chote cha gwaride:

"Hodi hapa nyumbani! Shikamoo Mama! Hatujambo, tumefika salama!"

Bibi aliinua kichwa. Hakujibu. Akasimama, akaita wasichana wawili kwa sauti kali, na hao wasichana wakaanza kuwafukuza kuku. Waliwaswaga wote jikoni, jogoo akiwa wa mwisho, wakafunga mlango, wakaweka na jiwe. Kisha Jjajja akaingia ndani ya nyumba naye akafunga.

Tulibaki uani na mabegi yetu.

"Kuna mwewe?" Baba mkubwa akauliza.

Sanyu alikuwa ametoka mbio kutupokea, uso umemwiva kwa aibu. Aliongea Kiswahili cha Deo, cha Dar kabisa. "Baba, samahani, sio ishu ya nyie. Wazee wa huku Kiswahili wanakijua kwa askari tu. Jjajja akikisikia, anafungia kuku."

"Askari wa yule dikteta," akasema Baba mkubwa.

Sanyu alitazama miguu yake. "Na wale waliokuja baadaye."

Sijawahi kumwona Baba mkubwa akipungua kimo namna ile. Halafu akapanda tena, kwa hasira. Jioni tulipokaa barazani, Jjajja amerudi kwenye mkeka wake lakini ametupa mgongo, alishindwa kujizuia.

"Sanyu, mwanangu, mweleze bibi. Mwambie sie hatukuvamia. Tulivamiwa. Tulikuja kuwakomboa. Mwambie ni tofauti kabisa."

Sanyu akafungua mdomo kutafsiri.

"Nimesikia," akasema Jjajja. Kwa Kiswahili.

Sanyu mwenyewe aliruka. Miaka yote aliyolelewa pale hakuwa amemsikia bibi yake akisema hata neno moja la Kiswahili.

"Nilijifunza kwenu," Jjajja akaendelea, mikono yake haikuacha kahawa. "Mlikaa sana. Sikiliza, ssebo. Mlipokuja, mimi nilicheza. Nilikata ndizi shamba nzima nikawapa watu wako. Yule mutu alikuwa amemchukua kaka yangu, hatujaona hata mfupa. Mlipomfukuza nilisema Mungu yupo. Hiyo ni kweli, siikatai."

"Umeona sasa," akasema Baba mkubwa.

"Sijamaliza. Mume wangu alikuwa na duka la kushona, barabara kubwa. Mizinga yenu ikavunja duka, na mitaa yote. Askari wa yule mutu walikuwa wameshakimbia. Mlikuwa mnapiga nani? Halafu mkaja hapa uani. Wenye adabu kabisa. 'Shikamoo Mama. Tunaomba kuku.' Na bunduki hapa." Akagusa bega. "Leo moja. Kesho mbili. Nikabaki na shukrani, na kuku sina."

Deo alikohoa. Mie nilitaka kucheka na kulia.

"Ilikuwa vita, Mama," Baba mkubwa akasema.

Hapo nikaona siwezi kunyamaza. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni kwa sababu ya Kyaka. "Baba mkubwa, kule kwenye kanisa ulisema hakuna sababu, hata zikija mia."

Alinigeukia kana kwamba nimempiga. Chakula kilipokuja, matoke na mchuzi wa karanga, alikula kidogo, akashukuru, akaenda kulala. Deo alikaa nami nje, ameshika kichwa. "Da Tekla, kesho bibi hatoki," aliniambia. "Kwa sababu ya vita vya kabla mie hata sijazaliwa."

Uani kwa Jjajja

Asubuhi kulikuwa na vita vingine, vya kanzu. Katika utambulisho wa Kiganda kila mwanamume anavaa kanzu na koti juu. Baba mkubwa, Mkatoliki wa kuzaliwa, hakutaka.

"Watu wa Masasi wakiona picha watasema nimesilimu."

"Huku hata mapadre wanavaa," Deo alimsihi.

Alivaa. Ilimkaa vizuri mno, hata yeye aliona. Akachukua nishani aipachike kwenye koti, akaishika muda mrefu, kisha akaifunga kwenye leso na kuitia mfukoni.

Mie nilivalishwa gomesi, lile vazi la mabega yaliyochongoka, nikawa kama kochi jipya. Tukapanga mstari nje ya ua, wageni wa bwana harusi, na vikapu vichwani. Ndani wamekaa wenyeji chini ya mahema. Nikatafuta kwa macho. Kiti cha Jjajja kilikuwa kitupu.

Ni desturi msemaji wa upande wa binti kuwatania wageni kabla ya kuwakubali. Msemaji wao alikuwa bingwa, na kwa heshima yetu alichanganya Kiganda na Kiswahili. "Hawa ni nani wamejazana mlangoni? Nani kawafungulia mpaka?" Kicheko. "Tumeambiwa wanatoka Tanzania. Jamani, hawa nawajua, wakija hawarudi mapema!" Kicheko kikubwa zaidi. "Haya, baba wa kijana aseme. Umewahi kufika hapa?"

Tulikuwa tumekodi msemaji wetu kutoka Kampala wa kujibu mambo hayo kwa mzaha, na alikuwa tayari. Baba mkubwa alimgusa bega, akapita mbele.

"Nimewahi," alisema. "Nilikuwa kijana. Nilikuwa na sababu nzuri, na mpaka leo naamini ilikuwa nzuri. Lakini sikubisha hodi. Niliingia kwenye nyua za watu nikijiita mgeni, na nilikula nisichopewa. Nikarudi nyumbani nikasimulia ile sababu tu." Akakitazama kile kiti kitupu. "Leo nabisha. Mkisema nirudi, nitarudi. Hodi."

Msemaji wao, bingwa yule, aliwageukia wajomba. Utaratibu haukuwa na jibu la kitu kama hicho.

"Hodi," Baba mkubwa akasema tena.

Kwenye hema la wanawake mtoto alilia akanyamazishwa. Deo alikuwa ameushika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Hodi."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi kidogo. Sauti ikatoka humo, kavu, bila haraka: "Karibu."

Jjajja akatoka, gomesi ya rangi ya dhahabu, fimbo mkononi. Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani vilisikika Mutukula. Nalongo, ambaye hakualikwa na mtu lakini alikuwepo, alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Basi vikaendelea vikapu, nyimbo, watu kupiga magoti, na jogoo tuliyempa kaka yake Sanyu kama mila inavyotaka. Wakati wa kula nilikaa meza moja na Jjajja, Baba mkubwa na mjomba mmoja wa binti, mtu wa suti, mwenye cheo fulani Kampala. Mjomba alitaka kumfurahisha mwanajeshi wetu, akaanza kusifu vijana wa nchi yake walioko ng'ambo ya mpaka, Kongo. Nidhamu yao. Raia wanavyowapenda. Wanavyopokewa kwa shangwe.

"Ni operesheni ya kuleta amani," alisema. "Si uvamizi. Ni tofauti kabisa."

Baba mkubwa aliinamia sahani yake.

"Huko wanakula kuku wa nani?" akauliza Jjajja.

Jjajja akamtazama Baba mkubwa, Baba mkubwa akamtazama Jjajja, na wale wazee wawili wakacheka mpaka bibi akashika ubavu na mzee akaomba maji. Mjomba alicheka pia mwishoni, ila nadhani hakujua anachekea nini.

Barabara kubwa ya Masaka

Siku ya kuondoka, Jjajja alitaka apelekwe mjini, na alitaka aende na Baba mkubwa, ambaye sasa kanzu hakutaka tena kuivua. Sie wengine tulifuata nyuma. Mji una pilikapilika, rangi nyingi, muziki kila mlango, huwezi kudhani paliwahi kupigwa mizinga. Akatusimamisha mbele ya duka la simu.

"Hapa," akasema. "Hapa mashine. Pale kitambaa. Mume wangu alikuwa anakaa hapa, mgongo kwa barabara, kwa sababu alipenda mwanga."

Muuza simu alitoka kutukaribisha, akaona nyuso, akarudi ndani polepole.

Baba mkubwa aligeuka akatazama juu, juu ya mapaa, kwenye kilima kilichofunikwa na migomba. Alitazama kama anayetafuta nyumba ya mtu. Kisha akanyoosha mkono.

"Mie nilikuwa pale. Nilikuwa nabeba makombora."

Jjajja alifuata ule mkono. "Pale? Karibu hivyo?"

"Pale."

"Mlikuwa mnatuona?"

"Watu hatukuwaona, walikuwa wamejificha. Tuliona mapaa."

Boda boda zilipita, moja, nyingine. Jjajja alikuwa bado anakitazama kile kilima.

"Letu lilikuwa bati jipya," akasema. "Mume wangu alilinunua mwaka ule. Lilikuwa linang'aa."

"Nililiona," Baba mkubwa akasema.

Nilidhani Jjajja ataondoka. Nilidhani atarudi nyumbani afungie kuku na mlango na kila kitu. Alisimama palepale, akavuta pumzi, akaipanga fimbo yake vizuri.

"Ulikuwa na umri gani?"

"Ishirini na moja."

"Mama yako alijua uko wapi?"

Baba mkubwa alitikisa kichwa kwamba hapana.

"Mtoto mdogo," akasema Jjajja, kama anajisemea. Halafu akamshika mkono, si kwa upole, kama mtu anavyomshika mgeni asiyejua magari ya mji huo yanatokea wapi. "Haya, twende. Upande ule kuna mama anauza chai nzuri. Usivuke mpaka niseme."

Wakasimama ukingoni mwa barabara, kanzu na gomesi, magari yakipita. Baba mkubwa alisubiri. Jjajja akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akachukua muda wake wote.

"Sasa," akasema.